Usilime lote, hata kama mama anakuangalia

Siku napewa ufunguo wa geti nilikuwa nimesubiri karibu miaka mitatu, kwa hiyo nisilaumiwe sana kwa nilichokifanya wiki iliyofuata.

Hapa Uingereza, mtu anayeishi ghorofani au kwenye nyumba isiyo na uwanja anaweza kukodi kipande cha ardhi, alotimenti, akajilimia mboga zake. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyozitwisha halmashauri mzigo wa kutoa vipande hivyo, na ya 1922 ikafafanua kwamba ni bustani ya kulisha mlimaji na familia yake, si ya biashara. (Ya 1950 inaruhusu hata kuku. Jogoo hapana. Majirani wanataka kulala.) Kipande kizima bado kinapimwa kwa fito za kale, fito 10, kama mita za mraba 250. Ekari moja inatoa vipande 16 vya namna hiyo. Ukiwa umetokea Lushoto kama mimi, lazima ucheke. Mita 250 kwetu ni mahali pa kuanikia maharage.

Basi nikacheka. Ilikuwa mwezi wa tatu, Birmingham, kipande kimetelekezwa misimu miwili, majani yamenifika kiunoni. Nikampiga picha mama, yaani nikapiga picha nikamtumia. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, hilo ni shamba au pori?"

Anayejua milima ya Usambara anajua uzito wa swali hilo. Shamba lenye majani ni aibu ya ukoo mzima. Mama yangu hupalilia hadi kwenye mpaka, na akimaliza hupalilia kidogo upande wa jirani ili ujumbe ufike. Sikuweza kulala na swali lake. Nikaazima mashine ya kulimia, ile ya kusukuma kwa mkono, na Jumamosi moja tu nikageuza kipande chote, kona hadi kona. Udongo ukatifuka kama unga. Picha nyingine kwa mama. "Haya, sasa."

Wazee wa pale walikuwa wanapita na mikokoteni yao, wananiangalia, wanasema hali ya hewa ni nzuri. Waingereza hawakwambii kitu.

Kuna gugu hapa linaitwa bindweed. Mzizi wake ni mweupe, mnene kama tambi iliyochemshwa, na unakatika ukiugusa tu. Kila kipande kinachobaki ardhini, hata cha urefu wa kidole, kinaota upya. Sasa fikiria mashine yenye visu vinavyozunguka ikipita juu yake. Mzizi mmoja niliufanya mia, nikaufukia vizuri kwenye udongo laini, nikamwagilia. Kufika mwezi wa sita ulikuwa umepanda juu ya maharage yangu yote, umejisokota, umetoa maua meupe kama tarumbeta. Mazuri kweli, sikatai.

Ndiyo maana kila Mswahili anayeniambia amepata kishamba namwambia neno moja: robo. Mwaka wa kwanza lima robo. Sehemu iliyobaki fyeka, tandaza maboksi, yalowanishe, mwaga samadi au mboji juu, au funika kwa turubai jeusi, kisha geuka uondoke. Maboksi yanatolewa bure kila duka la friji, bandua tu utepe wa plastiki. Bindweed haifi kwa msimu mmoja wa giza, lakini inachoka, inakuja juu kutafuta mwanga, na hapo unaivuta ndefu badala ya kuikata. Robo yenyewe ichimbe kwa uma, ule wa meno manne, polepole, ukiokota mizizi mmoja mmoja kwenye ndoo. Mimi nilikuwa na kiu ya jembe. Lile jembe la bibi lenye chapa ya mamba lilikuwa la Chillington, kampuni ya Wolverhampton, stesheni chache tu kutoka hapa. Lakini huku mamba mwenyewe nilimtafuta sana.

Kuna rafiki yangu anabisha: kwa nini nilipie ardhi nikaitandikie maboksi? Swali la haki. Ila yeye alilima lote, akapalilia hadi mwezi wa saba, mgongo ukagoma, akarudisha ufunguo. Na mkataba wangu wenyewe, nilipokuja kuusoma kwa utulivu, ulikuwa unataka robo tu kwa mwaka wa kwanza. Wenye ardhi walishajua. Mimi ndiye nilikuwa namlimia mama.

Robo inakusaidia pia kujua makosa kwa bei ndogo. Nilipeleka miche ya mahindi nje wiki ya kwanza ya mwezi wa tano kwa sababu jua lilikuwa linawaka na mimi nilikuwa na fulana. Usiku jalidi ikashuka. Asubuhi majani yamelala, ya kijani iliyokolea, yanateleza, kama mchicha uliotoka kwenye sufuria. Nikarudia mwezi wa sita, nikapanda mstari mmoja mrefu kandokando ya njia, yakabeba magunzi yenye mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza: mahindi huchavushwa na upepo, yanataka kupandwa kwa kundi, mraba, yaangukiane chavua. Na hata yakikubali ni ya kuchoma. Ndoto ya unga wa ugali iache uwanja wa ndege.

Viazi vinakubali. Sukuma wiki inakubali kuliko ilivyo kwetu, na baridi inaifanya iwe tamu, mradi uweke wavu, kwa sababu njiwa wa hapa ni wezi. Mchicha ulinikubali baada ya jirani yangu, mzee wa Kijamaika, kunipa mbegu zake. Yeye anauita callaloo na anaupika na samaki wa chumvi. Aliniambia nisiuguse udongo hadi nikiketi chini bila viatu nisisikie baridi. Nikajaribu. Watu wakapita, wakasema hali ya hewa ni nzuri.

Juzi nikampigia mama kwa video, nimesimama katikati ya maboksi, robo yangu nyuma inang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akatazama muda mrefu. "Na hayo makaratasi?"

Nikamweleza: giza, mizizi, mwaka kesho. Nikanyanyua kona ya boksi moja aone minyoo. Akasogeza simu karibu na jicho.

"Kwa hiyo," akasema, "umewatandikia magugu kitanda."