Kutu itolewe au iachwe? Vyuma vya shambani vilivyotoka ardhini

Mashine ya kutafutia metali ikipitishwa kwenye shamba la zamani, mara nyingi huleta vyuma vya kilimo kabla ya sarafu: ncha za plau, mundu, pingili za minyororo, viatu vya ng'ombe, ambavyo huwa viwili kwa kila mguu kwa sababu kwato imegawanyika. Hapo watu hutofautiana. Wapo wanaotaka kutu yote itoke, na wapo wanaosema usiguse. Wote wana hoja, ila pande zote husahau chumvi.

Wanaosafisha wanasema chombo hakitambuliki kikiwa bonge, na ni kweli. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo msumari mwembamba unaweza kutoka ukiwa mnene kama kidole gumba. Ukifunuka ndipo unasomeka: uliofuliwa na mhunzi hupungua unene pande zote nne, uliokatwa kwenye bamba hupungua pande mbili tu, na wa waya ni mviringo. Kwenye chuma cha kumiminwa, tafuta mstari wa kiungo cha kalibu na namba ya kipuri. Namba hiyo ndiyo inayoweza kukufikisha kwenye mashine yenyewe.

Wanaokataa wana hoja nzito zaidi. Uso wa asili wa chombo mara nyingi umebaki ndani ya tabaka jeusi, gumu, lililo chini ya ganda la rangi ya chungwa. Mhuri wa mhunzi na alama za nyundo zimo humo. Ukisugua mpaka chuma king'ae, umezifuta. Tena chuma cha kumiminwa kilichokaa ardhini huweza kupoteza chuma chake na kubakiza grafiti (kaboni laini): umbo ni kamili, lakini ni chepesi kuliko kinavyostahili na ukucha unaingia. Hicho kisitiwe kwenye umeme (njia ya kutoa kutu kwa kupitisha umeme majini, iliyo hapa chini), kitabomoka. Sumaku nayo isikudanganye, maana hata lile tabaka jeusi linavutwa. Pima uzito mkononi, kisha kwangua kwa tupa mahali pasipoonekana uone kama kuna chuma cheupe.

Kama chuma kipo, umeme ni mpole kuliko tindikali. Tumia beseni la plastiki, kijiko kikubwa kimoja cha sodiamu kaboneti (magadi ya kufulia) kwa kila lita 4 za maji, na chaja ya volti 12. Waya hasi uende kwenye chombo, mahali palipokwanguliwa hadi chuma. Waya chanya kwenye bamba la chuma chakavu, visigusane. Ukigeuza waya, chombo ndicho kitakacholiwa. Bamba lisiwe la chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hutoa kromiamu yenye sumu. Fanyia nje, mbali na moto, kwani viputo vile ni haidrojeni, na zima umeme kabla ya kuingiza mkono. Chaja za kisasa zinazojiendesha huenda zisiwake bila betri. Ampea 2 hadi 4 zinatosha; toa kila saa chache, piga brashi, na usimame tabaka jeusi linapotokea. Wengi huharibu hapa, kwa kungoja king'ae.

Kisha ndiyo kazi yenyewe. Kloridi, yaani ile chumvi ya udongoni, hujificha kwenye mashimo ya kutu, na miezi baadaye chombo hutoa vitone vya rangi ya chungwa na kubambuka magamba, kiwe kilisafishwa au la. Kutia asidi ya haidrokloriki ni kuongeza kloridi ileile. Loweka kwenye maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ukiyabadilisha kila wiki. Tone la nitrati ya fedha kwenye maji hayo likileta ukungu mweupe, chumvi bado inatoka. Huenda ikachukua miezi, na siyo yote itakayotoka.

Kausha kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa 1 au 2, kisha paka tindikali ya taniki, ambayo hugeuza kutu iliyobaki kuwa nyeusi. Ikikauka, pasha chombo tena na upake nta kikiwa moto ili ipenye. Nta ikipakwa juu ya unyevu, kutu itaendelea chini yake bila wewe kuiona. Mpini wa mti ukiwa bado umeshika, usifanye lolote kati ya haya: brashi laini na sehemu kavu tu.