Jumanne ya Wenye Nafasi

Mama mmoja tunayesali naye hapa Atlanta, mzaliwa wa Kakamega, aliapa kuwa raia wa Marekani mwanzoni mwa 2018. Novemba ya mwaka huo ndiyo ingekuwa kura yake ya kwanza. Jumanne ya uchaguzi ilipofika akajikuta kapangiwa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Vituo vya kura Georgia navyo hufunguliwa saa moja asubuhi, vikafungwa saa moja jioni. Sheria ya jimbo inamruhusu mfanyakazi kutoka kwa muda usiozidi saa mbili akapige kura, ila mwajiri ndiye anayechagua saa zipi. Na ukiwa na wazee wanane wa kulisha, kuosha na kugeuza kitandani, nani atakushikia? Hakupiga. Mwaka huo ugavana wa Georgia uliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 55,000 kati ya karibu milioni 4.

"Kwetu siku ya kura hata matatu hupungua barabarani," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeipanga hiyo Jumanne.

Kenya nayo hupiga kura Jumanne. Katiba ya 2010 inataja Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Tofauti ni kwamba sisi hutangaziwa mapumziko, na watu huanza kufunga safari za mashambani mapema, kule walikojiandikisha.

Ya Marekani ina historia yake. Zamani kila jimbo lilijichagulia siku ndani ya muda wa siku 34. Mwaka 1845 Bunge likaweka siku moja ya kumchagua rais kwa nchi nzima: Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Walikuwa wakimfikiria mkulima. Novemba mavuno yako ghalani na theluji bado haijaziba njia. Jumapili ni ya kanisa, Jumatatu mtu apande gari la farasi kwenda makao ya kaunti, Jumanne apige kura, na Jumatano katika miji mingi ilikuwa siku ya soko. Sheria ya busara kwa mkulima mzungu mwanamume, maana ndiye hasa aliyehesabiwa. Waliokuwa wakichuma pamba hapa Georgia bila ujira hawakuulizwa siku gani ingewafaa.

Magari ya farasi yamekwisha, Jumanne imebaki. Mwenye kazi ya ofisini haimsumbui: atachelewa kidogo asubuhi, bosi atamtania kuhusu kistika cha "nimepiga kura" kwenye koti, basi. Anayeumia ni mpishi wa hoteli, dereva wa lori, msaidizi wa muuguzi. Indiana na Kentucky vituo hufungwa saa kumi na mbili jioni, wakati wengi wao bado wamo kazini au njiani.

Januari 2019 chama cha Democratic kilipopendekeza siku ya uchaguzi iwe mapumziko kwa wafanyakazi wa serikali ya shirikisho, Mitch McConnell wa chama cha Republican, kiongozi wa Seneti wakati huo, aliuita mswada mzima mbinu ya kunyakua madaraka. Maneno makali kwa siku moja ya kulala. Lakini mapumziko yenyewe nayo sina imani nayo sana. Hapa Siku ya Wafanyakazi ni ile ya Septemba ambapo maduka hupunguza bei na wauzaji huongezewa zamu. Nyumba za wazee ndiyo kabisa, hazifungwi hata Krismasi. Atakayepumzika siku ya kura ni karani yule yule aliyekuwa na nafasi tangu mwanzo. Hata hivyo niliipenda hatua ya Virginia: mwaka 2020 waliifanya siku ya uchaguzi mapumziko ya jimbo, na ili kuipatia nafasi wakaifuta siku ya kuwaenzi majenerali wawili waliopigana upande wa wamiliki wa watumwa.

Mimi ningeanza na Jumamosi. Wasiniambie si desturi ya Kimarekani, kwa sababu Louisiana humchagua gavana wake Jumamosi na mbingu hazijaanguka. Kisha siku ziwe nyingi. Kilichomsaidia yule mama mwishowe kilikuwa kura ya mapema. Mwaka 2020 alipiga Jumamosi, siku kadhaa kabla ya Jumanne yenyewe, akiwa na kiti cha kukunja na chupa ya chai, maana alishasikia habari za foleni. Mwaka huo Wamarekani zaidi ya milioni 100 walipiga kura kabla ya siku ya uchaguzi, kituoni au kwa posta.

Hapo ndipo vita vilipohamia. Mwaka 2021 wabunge wa Georgia walijaribu kuibana kura ya Jumapili, siku ambayo makanisa ya watu Weusi hutoka ibadani moja kwa moja hadi kituoni. Wakarudi nyuma kwa hilo, lakini wakapitisha katazo la kugawa chakula na maji kwa waliopanga foleni karibu na kituo. Na Agosti 2025 Trump alisema ataongoza harakati za kuiondoa kura ya posta. Anayetetea Jumanne kwa hoja kwamba zipo njia nyingine, huku mwenzake wa chama akizing'oa njia hizo moja moja, sijui anadhani anamdanganya nani.

Uchaguzi wa Bunge la Marekani wa 2026 ni Jumanne, Novemba 3. Nilimuuliza yule mama kama ameomba ruhusa kazini.

"Ruhusa ya nini, baba? Mimi nitaenda Jumamosi. Kiti changu bado kiko kwenye buti ya gari."