Nani Afunge Dirisha

Mimi ni mtu wa heshima zangu. Shati napiga pasi mwenyewe, viatu napiga rangi mwenyewe. Lakini leo nimetoka kuoga, nimejifuta vizuri, na kabla sijafika kifungo cha pili shati limeshaganda mgongoni. Sasa yale maji nilioga ya nini?

Dar ya Februari mnaijua. Ukimwambia mtu wa Dodoma nyuzi 32 anakucheka, maana kwake jasho linatoka na kukauka. Huku hewa yenyewe imeshajaa maji, jasho likitoka halina pa kwenda, unashinda nalo. Usiku feni inachukua joto langu inampelekea mama watoto, inachukua lake inaniletea mimi. Wazee wanasema huu upepo wa kaskazi ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni. Nakubali, ila siku hizi naona unashukia Masaki kwa matajiri. Mbagala kwetu haujui njia.

Basi saa tisa mchana niko Kariakoo, nimepata daladala, nimepata na siti ya dirishani. Mungu anipe nini tena? Wingu jeusi likasimama upande wa Pugu, na hatujafika kituo cha Uhasibu, mvua hiyo.

"We baba, funga dirisha, mtoto analowa!" Mama wa siti ya nyuma. Nikafunga.

"Mzee, fungua! Vifaranga vyangu vinakufa!" Kijana amepakata boksi, linalia piyo piyo. Nikafungua.

"Vifaranga na mwanangu nani mtu?"

"Mwanao ana kofia, mama. Hawa nimekopa."

Konda akaulizwa atoe hukumu. Akasema aliyekaa dirishani ndiye mwenye dirisha, akageuka kudai nauli. Nikasafisha koo. Nikasema, "Ndugu abiria, kwa hekima, tufungue nusu." Wote wakaridhika. Kumbe ile nusu imenielekea mimi peke yangu: ubavu wa kushoto unalowa mvua, wa kulia unalowa jasho, vifaranga vinapunga hewa.

Mara radi, paa! Bibi mmoja akapiga kelele watu wazime simu. Mwingine akakumbuka kwamba nguo nyekundu inavuta radi. Macho yote kwa kijana wa watu aliyevaa jezi ya Simba. Yanga wa siti ya mbele hakulaza damu: "Konda, mshushe huyo, asituponze." Mwenye jezi akasema hashuki, nauli kalipa, na radi ikimpiga watakufa wote kidugu. Bibi akaanza kusali kwa sauti. Katikati ya hayo mama nyuma ananigonga bega, "Baba, mvua imezidi, funga!" Nikavuta kioo kwa nguvu zangu zote.

Kikatoka kizima. Kikabaki mikononi mwangu.

Gari zima kimya, hata vifaranga. Konda akaniangalia kama daktari anayetaka kuniambia jambo zito. "Mzee, hicho kioo elfu ishirini."

Jamani! Kioo kilikuwa kimeshikiliwa na kipande cha ndara! Mimi nimelipa nauli, nimelowa, nimesuluhisha watu, halafu nilipe na kioo? Nimekipakata mpaka Zakhem, mtu mzima na tai yake.

Na mvua yenyewe? Tunafika Mtoni imeshakata, jua limerudi na hasira, lami inafuka moshi. Haikupoza hata kidogo. Tena hii ni ya kuonja tu, masika yenyewe yanaanza Machi, na wa Jangwani, kule bondeni kwa mafuriko, nawaombea dua mapema.

Nafika nyumbani, shemeji anapiga simu kutoka Makete. Amechoka na baridi, anataka nimtafutie kiwanja huku, karibu na bahari apate upepo. Eti Kigamboni panasifiwa. Nimemwambia aje kwanza mwezi wa tatu, alale chumba cha watoto, umeme ukatike kidogo, tuzungumze viwanja asubuhi. Akacheka, anadhani natania. Anauliza atubebee nini, viazi au parachichi. Nimemwambia alete viazi. Parachichi likishuka basi pale Mbezi litakuwa limeiva, na likifika Mbagala ni juisi, nami sina hamu ya kugombana na konda mwingine kwa kumchafulia siti.