Mafuriko Hatufundishwi, Sisi Watu wa Rufiji

Juzi msibani Mbagala, wanaume tukiwa tumekaa chini ya turubai kusubiri chakula, mazungumzo yaligeukia Rufiji, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa huko na nusu ya waombolezaji walikuwa wamepanda gari kutoka Ikwiriri na Mohoro. Bwana mmoja, msomi kwa jinsi alivyojieleza, akasema kwa sauti ya hakimu anayefunga kesi: "Watu wa Mohoro nao wamezidi ubishi. Kila masika wanaelea, kila masika wanaomba unga, na wakiambiwa wahame hawasikii." Mzee wa Kindengereko aliyekuwa pembeni yake alimjibu kwa upole uliopita kiasi, "Umesema kweli, mwanangu," kisha akageuza uso. Mimi sina upole huo, na kwa kuwa msibani si mahali pa kugombana, nimeona nigombane hapa.

Mohoro si kijiji kilichoota jana dimbwini. Wajerumani walipotaka mahali pa kuweka ofisi ya kutawala bonde hili walikwenda Mohoro, miaka mingi kabla Utete haijawa makao ya wilaya. Ni hapo Mohoro alikopelekwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Majimaji, kutoka Ngarambe na kunyongwa tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba ya Mjerumani kule Nandete. Kila mtoto wa nchi hii hukaririshwa Vita vya Majimaji darasani, lakini kijiji alikonyongewa mtu huyo husikika redioni pale tu kinapojaa maji. Wageni wanaokuja kutafuta historia nao huulizia manowari ya Kijerumani ya Königsberg iliyozamishwa kwenye delta mwezi Julai 1915, kana kwamba jambo kubwa kuliko yote lililopata kutokea kwenye mto wetu ni Wazungu kurushiana mizinga.

Hayo ya historia nayaacha. Kinachonikera ni dhana kwamba mtu anayeishi kando ya Rufiji anaishi hapo kwa kutojua, na kwamba mafuriko kwake ni balaa lisilo na upande wa pili. Mto huu hukusanya maji ya karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, tangu nyanda za Iringa na Mbeya hadi Kilombero, na maji hayo hayaji matupu, bali hubeba udongo. Mkulima wa bondeni hupanda mpunga mvua zinapoanza, ili mche uwe umesimama kabla maji hayajapanda, kisha huomba mafuriko yaje kwa kiasi na kwa wakati, kwa kawaida kati ya Machi na Mei. Yakichelewa mpunga hukauka, na yakija mapema au kwa ghadhabu huumeza wote. Lakini hata katika mwaka ambao mpunga umemezwa kuna mlau: maji yanapoanza kurudi, watu huyafuata nyuma hatua kwa hatua, wakipanda mahindi, kunde, maboga na zamani pamba katika tope lililobaki na unyevu, na mazao hayo hukua kiangazi bila tone la mvua wala gunia la mbolea. Hivyo mafuriko yaleyale yanayokula mavuno ya kwanza ndiyo yanayolipa mavuno ya pili. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha Warufiji hesabu hiyo.

Kuna samaki pia. Mabwawa ya pembeni mwa mto, kama Zumbi, Ruwe na Uba, huunganishwa na mto wakati wa mafuriko, perege na kambale wakaingia, wakazaliana na kunenepa. Ikipita miaka kadhaa bila mafuriko ya maana mabwawa hunywea, na wavuvi hujikuta wanavua matope. Miaka hiyo ya mto kutofurika ndiyo miaka ya njaa ya kweli, ila njaa ya ukame haipigwi picha kutoka kwenye helikopta, kwa hiyo bwana wa Mbagala hana habari nayo.

Sasa nije kwenye hili la kwamba hatusikii tukiambiwa tuhame. Tulihama! Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za kwanza kabisa za kuwakusanya watu vijijini, miaka kadhaa kabla ya zile za miaka ya 1970 ambazo nchi nzima inazikumbuka. Familia ambazo tangu zamani zilijenga mojamoja kwenye kingo zilizoinuka, kila moja na miembe yake na mtumbwi wake umefungwa karibu, zilitolewa bondeni na kupelekwa kwenye miinuko ya mchanga nje ya bonde. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba huko juu zilipatikana shule na zahanati, na kwamba kupeleka mwalimu kwenye nyumba zilizotawanyika kilomita kwa kilomita kando ya mto lisingekuwa jambo jepesi. Lakini waliopanga operesheni ile walihamisha nyumba na kuliacha shamba lilipokuwa, kwa sababu rutuba haipakiwi kwenye lori. Udongo wa juu haukuzaa kama wa bondeni, na kila mtu mzima aliliona hilo tangu msimu wa kwanza.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo kwa yeyote anayejali kutazama. Mpunga unapokaribia kuiva, familia huteremka na kuhamia kwenye madungu, vile vibanda vilivyosimamishwa juu ya nguzo ndefu katikati ya mashamba, na kukaa huko kwa wiki na wakati mwingine miezi, wakifukuza ndege mchana na nguruwe na viboko usiku. Maisha ya dungu yana raha zake, sitaki kuyafanya yote kuwa machozi: wanawake husuka mikeka ya ukindu ileile inayouzwa kwa bei nzuri mjini, habari za ndoa na ugomvi hupigiwa kelele kutoka dungu moja hadi jingine, na mtu asiyekwenda kumsaidia jirani kuvuna hujua kwamba siku ya msiba wake jembe litachelewa kufika. Lakini watoto huacha dawati, maana bila wao ndege wanamaliza shamba, na shule ambayo ilikuwa sababu ya kuhamishwa inabaki nusu tupu msimu mzima. Wala usalama haukupatikana hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba waliua zaidi ya watu 30 wilayani Rufiji, na miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo watu waliolala madunguni kulinda chakula chao. Mtu aliyehamishwa akimbie maji analiwa na simba kwa sababu shamba lake liko kulekule yaliko maji: huo ndio usikivu wetu na malipo yake.

Kisha likaja bwawa la umeme huko juu ya mto. Siombi libomolewe, nami nawasha taa, na megawati 2,115 si jambo la kubezwa katika nchi ambayo mgao wa umeme tumeuzoea kama homa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikazama. Serikali ilieleza kwamba mvua zilipita kiasi na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Wananchi wengi wakaamini kuwa maji yaliyofunguliwa ndiyo yaliyowafagia. Ubishi huo una takwimu za vipimo vya maji za kuuamua, na waamuzi wawe wenye elimu yake. Hata hivyo, jambo moja halihitaji mhandisi. Wazee wa bondeni walikuwa wakiusoma mto kwa rangi ya maji, kwa takataka zinazoelea, kwa mwendo wa mvua za huko bara, na kwa dalili hizo walijua wapande lini na waondoke lini. Mto unaofunguliwa na kufungwa hausomeki kwa dalili hizo, kwa kuwa ratiba yake imo ndani ya kompyuta ya mtu ambaye hajawahi kulala kwenye dungu. Tukiwaambia watu wa Mloka, Utete na Mohoro kwamba elimu yao imepitwa na wakati, basi tuwape inayochukua nafasi yake: maji kiasi gani yatafunguliwa, siku gani, yatafika kijiji gani baada ya saa ngapi, na habari hiyo itangazwe msikitini na kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya maji kuondoka bwawani. Na masika yakiwa haba, mtu ajibu kama yatafunguliwa maji ya kutosha kulisha mlau na mabwawa ya samaki, au bonde liachwe likauke ili mashine zizunguke.

Mohoro penyewe, kwenye nyumba zilizo chini kabisa, sina hoja ya kuwazuia wanaotaka kuhama, na wapo wanaotaka. Mjane ambaye ukuta wake umeanguka masika baada ya masika hahitaji makala yangu, anahitaji kiwanja. Apewe hicho kiwanja, chenye maji na hati, karibu kiasi cha kwenda shamba asubuhi na kurudi jioni. Shamba lake la bondeni nalo liandikwe kwa jina lake siku hiyohiyo anapokabidhiwa kiwanja, kwa maana tunafahamu jinsi ardhi yenye rutuba iliyoachwa na watu maskini inavyopata mwekezaji kabla tope halijakauka. Waliohama mwaka 1969 hawakuandikiwa kitu.