Tuliruka Kimanga, Akalipa Dada wa Kazi

Mwezi uliopita, hapa Göteborg, Uswidi, nilirudi kutoka kazini nikakuta gilasi imevunjika jikoni na vipande vyake vimesukumwa chini ya jokofu. Mwanangu wa miaka saba alisema si yeye, mdogo wake akasema wala yeye, kisha kabla sijauliza mara ya pili kila mmoja akamtaja mwenzake. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kusingiziwa, kwa hiyo uongo ule ulizunguka baina yao wawili mpaka mkubwa akaangua kilio na kusema kweli.

Nyumbani Tanga, nilipokuwa na umri wake, uongo kama huo haukukosa pa kwenda. Siku moja mimi na mdogo wangu wa kike tuliiangusha chupa ya chai tukigombania nani ammiminie baba. Kioo cha ndani kilisagika, na tulipoinamisha chupa, chai ya tangawizi ilitoka na vijipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Mama alipouliza, tuliruka kimanga sote wawili. Tulipoona mkono wake unaelekea kwenye bakora, mdogo wangu akasema, "Labda dada," nami nikaitikia kwamba nilimwona. Dada mwenyewe alikuwa msichana wa kutoka Lushoto, ambaye nadhani hakuwa ametimiza hata miaka kumi na sita. Alisema mara moja tu, "Si mimi, mama," akanyamaza. Mwisho wa mwezi alikatwa fedha ya chupa mpya, na alipokwenda kwao sikukuu hakurudi tena.

Wenzangu wengi huku ughaibuni husema kwamba watoto wa hapa wameharibika kwa kukosa kiboko, kwa kuwa Uswidi ilipiga marufuku kumchapa mtoto tangu mwaka 1979, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Sikubaliani nao. Watoto wangu husema uongo kama tulivyosema sisi, ila kweli haiwagharimu sana, ndiyo maana huwatoka mapema. Mwaka 2011 watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa miaka mitatu na minne katika shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikichapa na nyingine haichapi, wakaona kwamba wale wa shule inayochapa walidanganya zaidi na waliushikilia uongo wao kwa ustadi zaidi. Niliposoma hayo niliiona tena ile bakora nyuma ya mlango, na nikaelewa ni kitu gani kilichotufanya mimi na mdogo wangu tupatane kwa kutazamana tu.

Kupatana huko, nakiri, ndiko ninakokukosa ninapowaona wanangu wakichongeana bila haya, maana kwetu aliyemchongea ndugu yake hakuchezwa naye siku nzima. Lakini umoja wetu ulilipiwa na mtu aliyekula baada yetu, aliyekuwa mbali na mama yake, na ambaye neno lake halikuwa na uzito mbele ya la watoto wa nyumba. Ninawasihi wazazi wenzangu wa nyumbani wasimkate mtu mshahara kwa ushahidi wa mtoto aliyeshikiwa fimbo.

Desemba nilikuwa Tanga kwa mdogo wangu huyo, ambaye sasa ana watoto watatu. Bakuli la udongo lilivunjika, na mpwa wangu wa miaka sita akasema papo hapo, "Ni dada." Msichana aliyekuwa akifua uani aliinua kichwa, mikono ingali ndani ya beseni. Mdogo wangu alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaketi sakafuni karibu na mwanawe na kumwambia, "Sikuchapi. Nionyeshe ulikuwa umesimama wapi."