Anwani ya Kontena Isiachiwe Bahati

Ninashikilia kwamba kontena lolote (yaani programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na nyingine ndani ya kompyuta moja) linalotegemewa na mengine, kwa mfano lile lenye kanzidata, linapaswa kuwa na anwani ya mtandao (IP) ya kudumu iliyochaguliwa na msimamizi mwenyewe kabla halijawashwa. Kwenye mtandao wa msingi wa Docker, programu ya kuendesha makontena, mtandao ambao kwa kawaida ni 172.17.0.0/16, anwani hugawiwa kadiri makontena yanavyowaka. Leo kanzidata ikipata 172.17.0.2, kesho, seva ikizimwa na kuwashwa, nambari hiyo inaweza kuwa ya kontena jingine, na kanuni za ngome (firewall) ulizoziandika kwa uangalifu zikawa zinamlinda asiyehusika. Tena Docker hukataa kupokea anwani ya kudumu kwenye mtandao huo. Sharti kwanza uunde mtandao wako wenye fungu lake la anwani.

LXC, programu nyingine ya kuendesha makontena, nayo ina mtego wake, ambao mimi mwenyewe ulininasa. Daraja lake la lxcbr0, yaani kiungo cha ndani ya kompyuta kinachounganisha makontena, hubeba anwani 10.0.3.1, na dnsmasq, programu inayogawa anwani, isipoelekezwa vingine, hugawa kuanzia 10.0.3.2 hadi 10.0.3.254, yaani mtandao mzima. Nilipoandika 10.0.3.10 kwenye faili la usanidi nilidhani nimemaliza kazi, kumbe nimechukua nambari ambayo bado imo katika fungu la kugawiwa. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku kontena hilo lilipokuwa limezimwa, jingine likapewa nambari ile ile, nami nikapoteza nusu siku nikitafuta kosa katika programu isiyokuwa na kosa lolote. Dawa ni ndogo: punguza fungu hilo katika /etc/default/lxc-net, tuseme lianzie 10.0.3.100, ili nambari za chini zibaki mkononi mwako. Kisha zima DHCP, yaani utaratibu wa kuomba anwani kiotomatiki, ndani ya kontena lenyewe, la sivyo litajikuta na anwani mbili.

Wapo wanaopendelea macvlan, muundo unaounganisha kontena na mtandao wa nje kupitia kadi ya mtandao ya kompyuta, kwa kuwa kontena huonekana mtandaoni kama mashine inayojitegemea. Siwalaumu, ila kwa muundo huo kompyuta mwenyeji haiwezi kuzungumza na kontena lake moja kwa moja kupitia kadi ile ile, jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshachelewa. Ikiwa mawasiliano ni ya mwenyeji na makontena yake tu, daraja lisilounganishwa na kadi yoyote linatosha, na anwani zake hubaki zilezile hata kompyuta ikihamishiwa mtandao mwingine, mradi mtandao huo mpya usiwe unatumia fungu lile lile la 10.0.3.0/24.