Viungo vya Kamusi za Mtandaoni: Tufuate Herufi au Maana?

Msomaji aliyezoea Wikipedia hutarajia kwamba akiwa katika makala kuhusu mito, kiungo cha Kifaransa kitampeleka kwenye makala ya Kifaransa inayoeleza mito. Akifungua Wikamusi, mradi ulio ndugu wa ensaiklopedia hiyo, hukuta utaratibu tofauti: ukurasa wa "mto" huunganishwa na ukurasa wenye tahajia hiyohiyo katika kamusi ya Kifaransa, ambako neno hilo la Kiswahili hufafanuliwa kwa Kifaransa. Wapo wanaoiona hii kuwa kasoro, nao wanataka kurasa ziunganishwe kwa maana.

Malalamiko yao yana msingi. Ukurasa wa "pole" unaweza kubeba neno letu la kumfariji aliyefikwa na jambo, na pia neno la Kiingereza la mti mrefu wa kusimamishia kitu. Toleo la Wikamusi la lugha moja likiwa limeeleza la kwanza tu na la lugha nyingine la pili tu, msomaji huvuka bure.

Hata hivyo, ukurasa wa kamusi hauhusu kitu, unahusu neno. "Mto" ni maji yatiririkayo, na ni kitu cha kulalia kichwa. Tukifuata maana, ukurasa huo mmoja uelekezwe wapi? "Mkono" ni mgumu zaidi, kwa kuwa Kiingereza hugawa kiungo hicho cha mwili kati ya "hand" na "arm", na kiungo cha ukurasa kwa ukurasa kingedai usawa ambao lugha hizo mbili hazina. Kwa maoni yangu, kumpotosha msomaji hivyo ni kosa kubwa kuliko kumchosha. Tafsiri zina mahali pake ndani ya ukurasa, chini ya kila maana, ambapo mhariri ana nafasi ya kufafanua.

Kufuata herufi kuna nafuu nyingine. Tangu 2017 programu iitwayo Cognate huunganisha yenyewe kurasa zenye majina yanayofanana, kazi ambayo awali ilifanywa na roboti zilizohariri ukurasa mmojammoja. Hutambua hata kwamba "ng'ombe" ni yuleyule, ritifaa iwe imenyooka au imepinda. Kwa toleo lenye wahariri wachache, msaada huo ni mkubwa.

Udhaifu wake halisi, ambao wakosoaji hawautaji sana, uko kwenye vitenzi. Iwapo toleo moja litaingiza "soma", jingine "kusoma" na la tatu "-soma", programu itaona maneno matatu yasiyohusiana. Hapo hakuna mashine itakayotuokoa. Wahariri wa matoleo mbalimbali hawana budi kukubaliana umbo moja la kuingizia vitenzi vya Kibantu.

Wanaotaka viungo vya maana wana uwanja unaowafaa zaidi: tangu 2018 Wikidata, hifadhidata iliyo ndugu wa miradi hiyo, hupokea maneno pamoja na maana zake, kila maana ikiwa na utambulisho wake, hivyo "mto" wa maji huweza kuunganishwa na mwenzake bila kuuburuta ule wa kitandani. Ni kazi ya polepole, kwa sababu lazima mtu anayeijua lugha aamue maana moja baada ya nyingine.